Barua pepe ya mteja ikija wakati huna mtandao, inasubiri wapi?

Leo siongelei picha za bidhaa wala saa nzuri ya kuposti. Naongelea oda iliyokuja, ikagonga mlango, ikakuta kimya, ikarudi ilikotoka. Ilikuwa ya kwangu.

Mimi nauza viungo: iliki, pilipili manga na mdalasini. Niko Magoma, wilaya ya Korogwe, huku bondeni kati ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi. Mzigo nachukua kwa wakulima wa milimani, nafungasha hapa, nauza mtandaoni. Wateja wa nusu kilo wananipata WhatsApp na Instagram. Lakini wateja wakubwa, yaani hoteli, maduka ya jumla na wanunuzi wa nje, hawatumi oda kwa WhatsApp. Wanatuma LPO kwa barua pepe. Na hao ndio wanaolipa ada ya watoto.

Masika ya 2023 mvua ilitupiga kweli. Jumanne asubuhi umeme ukakata, intaneti ikafuata. Ilirudi Ijumaa jioni. Sikuwa na wasiwasi, maana kijana wa kaka yangu, aliyenifungia seva ya barua pepe kwenye kompyuta ya zamani hapa dukani, aliwahi kuniambia, "Shangazi, barua haipotei. Anayetuma anajaribu tena mpaka siku tano." Nikakaa nikijua siku tano ninazo.

Jumatatu iliyofuata nikampigia dada wa manunuzi wa hoteli moja ya pwani, kuuliza oda yangu ya kilo 40 za pilipili manga na kilo 15 za iliki. Akaniambia, "Mama, LPO tulituma Jumanne mchana. Alhamisi ikaturudia, imeandikwa haikupokelewa. Tukajua umeacha biashara. Mzigo tumeshachukua kwa mtu mwingine."

Mzigo wa milimani nilikuwa nimeshaulipia. Nilikaa nao miezi mitatu.

Sasa ngoja nikueleze kilichotokea, na nilichofanya baada ya pale.

Barua inasafirije

Fikiria mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar kuja kwangu Magoma. Basi linashusha Korogwe. Mvua ikiharibu barabara ya huku, mzigo haufiki. Hapo kuna mambo mawili. Kama hakuna mtu Korogwe wa kuupokea, basi linaurudisha Dar, na aliyetuma ndiye anayeamua atajaribu tena mara ngapi. Kama nina mwenye duka ninayemwamini pale stendi, anaupokea kwa niaba yangu, anauweka ndani, na barabara ikifunguka anauleta.

Barua pepe ni hivyo hivyo. Seva ya mteja inatafuta seva yako. Isipoipata, barua inakaa kwenye foleni upande wa mteja, na seva yake inajaribu tena na tena. Zingatia hapo: foleni iko kwake, na kanuni za foleni ni zake.

Kanuni ya kimataifa ya barua pepe, iliyotolewa upya 2008, inapendekeza seva isikate tamaa kabla ya siku 4 mpaka 5. Postfix, programu ya seva inayotumika sana, kwa kawaida inashikilia siku 5. Hapo kijana wangu alikuwa sahihi. Lakini Exchange ya Microsoft, ile ambayo ofisi na hoteli nyingi hufunga kwenye seva zao wenyewe, ikiachwa na mpangilio wake wa mwanzo inakata tamaa baada ya siku 2. Jumanne mchana mpaka Alhamisi mchana: siku 2 kamili. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: barua inakusubiri kwa mtu mwingine, kwa muda anaoupanga yeye. Kama huna mtu wako pale stendi, huna uhakika.

Wewe uko kundi lipi?

Kabla hujaingia gharama, jijue kwanza.

*Kundi la kwanza: unatumia Gmail au huduma kama hiyo.* Seva yako haiko dukani kwako. Iko kwao, na iko hewani muda wote. Wewe ukikosa bando wiki nzima, barua za wateja zinaingia tu, utazikuta. Wewe soma zaidi sehemu ya barua zinazotoka, huko chini.

*Kundi la pili: una domeini yako, na barua pepe iko kwenye kampuni uliyokodi nafasi ya tovuti.* Intaneti yako ikikata, hakuna shida. Hatari ni seva ya kampuni ikianguka. Waulize swali moja: "Seva yenu ikizima siku mbili, barua zangu zinapokelewa na nani?" Wakiguna, ujue jibu.

*Kundi la tatu: seva iko kwako, dukani au ofisini, kwenye laini inayokatika.* Hapo ndipo nilipo mimi. Inanipunguzia malipo ya kila mwezi, maana nina anwani nne: mauzo, malipo, stoo na ya kwangu. Lakini mlango ukifungwa, umefungwa kweli.

Mwenye duka wa stendi: seva ya akiba

Kila domeini ina rekodi zinazoitwa MX. Hizo ndizo zinazowaambia watu wote duniani, "Barua za huyu zipelekeni pale." Unaweza kuweka zaidi ya moja, na kila moja ina namba. Namba ndogo ndiyo inayojaribiwa kwanza. Yangu iko hivi:

jinalako.co.tz MX 10 seva.jinalako.co.tz
jinalako.co.tz MX 20 akiba.jinalako.co.tz

Ya 10 ni kompyuta ya dukani. Ya 20 ni seva ndogo ya kukodi iliyoko nchi nyingine. Ya dukani isipopatikana, seva ya mteja haingoji, inakwenda kwenye ya 20. Ya akiba inapokea, inaweka kwenye foleni, inaanza kuigongea ya dukani mpaka iamke. Sasa foleni iko kwangu, na muda naupanga mimi.

Seva ndogo za namna hiyo zinapatikana kwa dola 4 mpaka 6 hivi kwa mwezi. Kazi ya kupokea barua za duka dogo ni nyepesi, hauhitaji mashine kubwa. Kama hutaki kuhangaika nayo, baadhi ya kampuni za domeini zinauza huduma hii tayari: wanapokea na kukutunzia foleni.

Kama utaifunga mwenyewe, au na kijana wako, kwa Postfix mistari muhimu kwenye seva ya akiba ni mitatu:

relay_domains = jinalako.co.tz
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/wapokeaji
maximal_queue_lifetime = 10d

Mstari wa kwanza unasema: pokea barua za domeini hii kwa niaba ya mwenyewe, kisha uzipeleke. Usiiweke domeini hiyo kwenye mydestination ya seva ya akiba, maana itadhani yenyewe ndiyo nyumbani na haitazipeleka popote.

Mstari wa pili ni orodha ya anwani zako halisi. Kwenye faili hilo unaandika anwani moja kila mstari, na neno OK mbele yake, mfano "mauzo@jinalako.co.tz OK". Ukimaliza, endesha amri ya postmap kwenye faili hilo, halafu ipakie upya Postfix.

Mstari wa tatu unasema ishikilie siku 10 badala ya 5. Nikasema hata masika yakikasirika vipi, siku 10 zinatosha.

Makosa niliyofanya, wewe usiyarudie

*La kwanza: niliweka seva ya akiba kwenye kompyuta ya pili hapa hapa dukani.* Unacheka? Nilidhani tatizo ni kompyuta. Lakini zote mbili zilikula umeme wa Luku moja na intaneti ya modemu moja. Umeme ulipokata, zililala pamoja. Mwenye duka wa stendi hawezi kuwa amekaa sebuleni kwako. Akiba lazima iwe kwenye umeme mwingine, laini nyingine, na ikiwezekana nchi nyingine.

*La pili: sikuweka orodha ya wapokeaji.* Seva ya akiba ikawa inapokea chochote kinachoishia na jina la domeini yangu, hata anwani ambazo hazipo. Watuma barua taka wanaijua njia hii. Wanagonga MX yenye namba kubwa makusudi, kwa sababu wengi huiacha bila ulinzi. Foleni ikajaa. Mbaya zaidi, seva ya dukani ilipokuwa inazikataa, ile ya akiba ilikuwa inawaandikia "watumaji" kuwaambia barua imeshindikana, kumbe majina ya watumaji ni ya kughushi. Ukiendelea hivyo, anwani ya seva yako inaingia kwenye orodha nyeusi, na barua zako halali zinaanza kukataliwa. Orodha ya wapokeaji ilimaliza tatizo kwa sehemu kubwa. Ukiongeza anwani mpya dukani, kumbuka kuiongeza na kwenye akiba.

*La tatu: nilifunga nikasahau.* Kampuni nyingi zinazokodisha seva zinafunga mlango namba 25 wa kutolea barua kwa wateja wapya, kuzuia barua taka. Yangu ilikuwa inapokea vizuri kabisa, lakini haiwezi kutoa. Barua zinaingia stoo, hazitoki. Niligundua kwa bahati nilipoandika postqueue -p, amri inayoonyesha foleni, nikakuta barua za wiki nzima zimelala. Waulize kabla hujalipa. Wakikataa kuufungua, seva ya dukani inaweza kufungua mlango wa namba nyingine kwa ajili ya seva ya akiba peke yake, mfano 2525, na Postfix ya akiba ikaelekezwa huko.

*La nne, dogo ila linaumiza:* seva ya dukani inaangalia kama barua imetoka kwenye seva halali ya mtumaji. Barua ikipitia akiba, dukani inaonekana imetoka kwenye akiba, na inaweza kutupwa kama ya kughushi. Iambie seva ya dukani iiamini anwani ya IP ya akiba, na ukaguzi huo ufanyike kwenye akiba barua inapoingia.

Jaribu kabla mvua haijakujaribu

Chagua Jumapili ambayo biashara imepoa. Chomoa waya wa intaneti kwenye seva ya dukani. Tumia simu ya mtu mwenye Gmail ujitumie barua. Ingia kwenye seva ya akiba, andika postqueue -p. Barua iko pale? Vizuri. Mtumie na anwani ya uongo kwenye domeini yako: lazima ikataliwe pale pale. Sasa rudisha waya. Subiri.

Usishtuke isipofika dakika ile ile. Postfix inaanza kujaribu tena baada ya kama dakika 5, halafu inaongeza nafasi kadiri barua inavyokaa, mpaka saa moja na dakika chache. Kama una haraka, andika postqueue -f kwenye seva ya akiba, itajaribu zote sasa hivi.

Mimi hufanya jaribio hili mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika.

Na barua zinazotoka?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua, hata wa Gmail.

Ukibonyeza kutuma ukiwa huna mtandao, programu ya simu inaiweka barua kwenye Outbox. Mtandao ukirudi inaondoka. Tatizo ni kwamba unafunga simu ukiamini ankara imekwenda. Jenga tabia: kabla ya kulala fungua Outbox, hakikisha ni tupu.

Kwa wenye seva kama mimi, ni mbaya zaidi. Simu inakuonyesha "imetumwa" kwa sababu imeshafika kwenye seva ya dukani. Lakini seva yenyewe haina intaneti, barua imelala hapo hapo mezani. Postfix kwa mpangilio wa mwanzo haikwambii kitu mpaka siku 5 ziishe. Ongeza mstari huu kwenye seva ya dukani:

delay_warning_time = 4h

Barua ikikaa saa 4 bila kuondoka, inakutumia taarifa. Ukiipata, usingoje. Mtumie mteja SMS ya kawaida, haihitaji bando: "Ankara yako iko tayari, mtandao unasumbua, itafika ukirudi." Maneno machache tu, oda imepona.

Intaneti ya nchi nzima ikiyumba

Usifikiri ni sisi wa Magoma tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Tena kuanzia 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa takribani siku tano. Sasa kumbuka zile siku 5 za Postfix na siku 2 za Exchange. Ungekuwa wapi?

Mimi oda mbili zilikuwa zimekaa kwenye seva ya akiba, nje ya nchi, zikinisubiri. Moja ya duka la viungo Muscat. Mtandao uliporudi, ndani ya saa moja na kitu zote zilikuwa dukani.

Lakini sikudanganyi, yule wa Muscat nilimkuta amenuna. Na ana haki. Seva ya akiba ikipokea barua, mteja haoni kosa lolote. Kwake barua imefika. Anajua umesoma, umenyamaza. Foleni inaokoa barua, haimwambii mteja kwamba duka limefungwa. Ndiyo maana sasa chini ya kila nukuu ya bei naandika: "Nisipojibu ndani ya saa 24, tafadhali nipigie," na namba mbili za mitandao tofauti. Kuna waliofikiria kuweka jibu la kujituma lenyewe kwenye akiba. Mimi siwashauri, maana litawajibu na watuma barua taka, utarudi kwenye kosa la pili.

Kusubiri kwenye foleni si jambo jipya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika kwa wengi, madaktari wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, walitumia mtandao wa HealthNet. Setelaiti ndogo ilikuwa inapita juu mara chache kwa siku. Barua zinasubiri chini, setelaiti ikipita zinapanda, inazibeba, inazishusha kwingine. Kama wao waliweza kuwasiliana hivyo, sisi wa kuuza iliki hatuna kisingizio.

Kwa kifupi, wiki hii fanya haya

1. Jua seva ya barua pepe yako iko wapi. Kama hujui, muulize aliyekufungia.
2. Kama iko kwako, weka MX ya pili, mbali na umeme na laini yako.
3. Weka orodha ya wapokeaji na muda wa foleni unaokutosha.
4. Chomoa waya, jaribu.
5. Kagua foleni ya akiba kila Jumatatu, kama unavyokagua stoo.
6. Weka namba ya simu chini ya kila nukuu na ankara.

Yule dada wa hoteli alinipa nafasi tena mwaka uliofuata, kilo 20 za kuanzia. LPO ilikuja siku ambayo umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Niliikuta jioni, nikamjibu, na asubuhi mzigo ukapanda gari la Korogwe.

Mtumie hii mwenzako anayesema "mteja aliniahidi oda, sijui kwa nini hakutuma". Pengine alituma.